Defile ya Muntu Mumoja

Kama unataka kunikasirisha, na watu wa soko ya Kindu wanajua kwamba kazi hiyo si nguvu sana, sema neno baya juu ya Maître Onema mbele yangu. Mimi Fifi ninauza makayabu, samaki ya chumvi, na kinywa changu kina chumvi kupita samaki yenyewe. Lakini siku hiyo tulikuwa kwa matanga, maiti iko ndani ya nyumba, nimefunga kitambaa kichwani kama wamama wengine, na nilijizuia.

Ilikuwa hivi. Maître Onema, mwalimu wetu, alikufa kiangazi iliyopita, hapa Mikelenge, ndani ya parsele yake, kiwanja chake mwenyewe, juu ya kitanda chake, muke wake Adolphine akimushika mukono. Miaka na miaka alikuwa mukubwa wa fanfari ya masomo yetu ya sekondari. Fanfari, kwa yule asiyejua, njo kundi la trompeti, tromboni na ngoma linalotangulia watu siku ya sikukuu. Hapa Kindu hakuna sikukuu bila fanfari, na hakukuwa na fanfari bila Maître Onema. Basi watoto wanaopiga leo walikuja kukaa matanga pamoja na sisi wakubwa, tuliopiga zamani. Mutoto mumoja, Sandrine, mwenye tromboni, akamuambia mwenzake, bila kujua kwamba ninasikia: huyu muzee alitufundisha vizuri, lakini yeye mwenyewe hakujua kupuliza hata filimbi, tangu niingie sijamuona akiweka trompeti mudomoni hata mara moja.

Mawee! Nilisikia damu inanipanda kichwani. Nilimuita, nikamuambia akae chini mbele yangu. Akakaa. Nikafungua kinywa, na hapo nikakumbuka kwamba kitu nilichotaka kumuambia niliapa zamani kwamba sitakisema. Kiapo hicho nilimupa Maître mwenyewe, wakati wa vita. Nikamuambia Sandrine aende kuchota maji.

Hapo njo moyo wangu ulianza kuhangaika. Kesho yake sanduku litafungwa. Nikinyamaza, watoto watamuzika kama muntu asiyejua kupuliza. Wenzangu wa zamani, wao, watamuzika kama muntu aliyewatukana siku moja na kuwafukuza kama kuku jikoni. Nikisema, nimevunja neno la maiti. Wewe ungefanya nini?

Ngoja nikueleze kwanza huyo muntu alikuwa nani.

Alizaliwa kule Tunda, katika Kibombo, wazazi wake walikuwa walimaji wa mupunga na karanga. Trompeti alifundishwa na mwalimu mumoja wa kanisa, muzee mukali, aliyemupiga vidole kila alipokosea. Alipokuja Kindu kufundisha jiografia, alikuja na sanduku moja la nguo na trompeti iliyofungwa ndani ya pani, kitambaa cha wanawake. Kila saa za jioni, kabla ya giza, aliipuliza nyuma ya nyumba. Wamama wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, walisema walipomusikia waliweka maji ya fufu juu ya moto, kwa sababu hakuwahi kuchelewa. Alikuwa mwembamba, murefu, mwenye masharubu na kofia ya majani. Hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, lakini alitembea kama muntu ambaye gari lake linamufuata nyuma polepole.

Na alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mwaka wa kwanza hakuna mutoto aliyegusa chombo. Ulipiga trompeti kwa midomo, ngoma kwa mapaja, ukiimba sehemu yako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama yangu aliniuliza kama nimegeuka kuwa pikipiki, maana nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, huku nikifanya "pu-pu-pu" kwa midomo. Maître alisema chuma hakijui wimbo, muntu njo anaujua. Nilipomuambia kwamba mimi ninataka ngoma kubwa, ile inayobebwa juu ya tumbo, wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. Musichana na ngoma kubwa, ataizaa au ataipiga? Maître aliwaacha wacheke, kisha akasema ngoma haiulizi muntu amevaa suruali au pani. Akanipa. Nilipofika mwaka wa nne akanifanya kapiteni wa fanfari yote, na ukitaka kujua kama nilijivuna, ndiyo, nilijivuna, na bado ninajivuna.

Kitu kimoja hakukifanya: hakupaza sauti. Tukipiga vibaya, alivua kofia, akaiweka kwenye kifua, akainamisha kichwa, kama muntu anayesimama mbele ya kaburi. Maana yake tumeua wimbo na yeye anauzika. Tulicheka, tukaona haya, tukaanza upya. Mutoto aliyezoea fimbo nyumbani na fimbo darasani, unafikiri alijisikia namna gani mbele ya mwalimu wa namna hiyo? Tulimupenda. Ninasema wazi wazi: tulimupenda kupita baba zetu, na baba zetu walijua.

Kisha vita ikaingia.

Waasi walishika muji. Wale waliopigana nao walishika musitu, na sisi tukabaki katikati. Treni haikuja tena. Njia ya reli iliota majani. Sabuni tulitengeneza kwa mafuta ya mawese, chumvi ilikuwa kitu cha kuficha. Chakula kilitoka mashambani, na mashamba yalikuwa huko musituni. Mama zetu waliondoka asubuhi na kapu mugongoni, wakarudi na mihogo kama Mungu alipenda. Watu wa musituni waliwaacha kupita, maana walikuwa mama zao pia. Lakini walituma neno mujini, na neno hilo kila muntu alilijua: yule atakayecheza na kuimba kwa ajili ya waasi, jamaa yake isikanyage tena njia ya shamba. Hakuna aliyeuliza maana yake nini. Tulikuwa tumekwisha kuona makapu yanayorudi bila mwenyewe.

Katika hali hiyo Maître aliendelea na fanfari. Darasa moja, madirisha yamefungwa, tunapiga polepole. Vyombo tulivisugua kwa ndimu na majivu mpaka vinang'aa. Watu walimuuliza kama ana akili. Alijibu kwamba njaa ikimukuta mutoto hana kazi, inamumaliza mbio. Wengi kati yetu tulikuja kwa mazoezi na tumbo tupu, na tulirudi na tumbo tupu, lakini kichwa kimejaa. Sijui kukueleza vizuri zaidi.

Siku moja, muchana, nilikuwa naye peke yetu darasani. Ngozi ya ngoma yangu ilipasuka, tulikuwa tunafunga ngozi mpya ya mbuzi. Masoda wawili, askari wa waasi, wakaingia na ujumbe wa komanda. Mukubwa wao mumoja atafika kesho kwa ndege. Kutakuwa na defile, gwaride la kupita barabarani, mpaka kwenye tribini, jukwaa la wakubwa, na fanfari ya masomo njo itatangulia, watoto wote, na nguo zao nyeupe. Maître hakubisha. Alisema ndiyo, fanfari itakuja. Masoda wakatoka.

Mimi nikaanza kulia. Mama yangu alikuwa na shamba upande wa musitu, mama ya Désiré pia, mama ya Djuma pia. Tukipiga, mama zetu wamekwisha. Tusipopiga, sisi tumekwisha. Maître alikaza kamba ya ngoma mpaka mwisho, akaijaribu kwa kidole, akaniambia niende kuita wenzangu kwa mazoezi kama kawaida, na nisiseme kitu.

Walikuja. Tukaanza marshi yetu, wimbo wa kutembelea, ile aliyoitunga yeye mwenyewe kwa ajili ya masomo. Tulikuwa tunapiga vizuri, ninakuapia, maana ilikuwa ile marshi tuliyoijua hata usingizini. Hatukufika katikati, Maître akapiga meza kwa ngumi.

Hakuvua kofia. Alipaza sauti. Kwa mara ya kwanza tulisikia sauti ile, na ilikuwa kubwa, sijui aliificha wapi miaka yote. Alimuambia Désiré, trompeti wa kwanza, mutoto wake wa moyo, kwamba anapiga kama mbuzi anayechinjwa. Alimuambia Djuma kwamba masahani yake ya shaba, yale anayogonganisha, ni kama sufuria za muke aliyekasirika. Mimi aliniambia ninapiga ngoma kama ninatwanga mihogo. Wote tulipata fungu letu. Kisha akasema fanfari imekufa, tuache vyombo pale pale, turudi kwetu, na yule atakayemuona kesho karibu na masomo au kwenye njia ya tribini atamufukuza masomo kabisa. Djuma alifikiri ni utani, akacheka kidogo. Maître alimushika shati akamutoa nje.

Désiré alilia mbele ya wasichana. Mutoto mwenye kiburi namna ile. Aliweka trompeti juu ya meza, akamuambia Maître kwamba hatarudi tena maisha yake yote, na akatoka bila kufunga mulango.

Mimi nilibaki, kwa sababu ufunguo ulikuwa wangu kama kapiteni. Maître alikaa juu ya benchi. Aliniambia, sasa hawatakuja. Nikamuuliza, na wewe? Akasema, "Mimi nimekwisha kuwaambia masoda kwamba fanfari itakuja. Muntu anatimiza neno lake."

Kesho yake alinikataza kutoka, na mimi nilitoka. Masoda walikuwa wanasukuma watu wa soko kando ya barabara ili wapige makofi, nikajificha katikati ya wamama, nimejifunika pani mpaka machoni.

Tulisikia ngoma kwanza. Kisha trompeti. Watu wakanyosha shingo. Nyuma ya masoda waliopanga mistari, mbele ya gari la wakubwa, alikuwa anakuja muntu mumoja. Maître Onema, nguo nyeupe, glavu zilizoshonwa kwenye vidole, ngoma yangu kubwa juu ya tumbo, mukono wa kuume trompeti mudomoni, mukono wa kushoto fimbo ya ngoma. Anapiga marshi yetu. Mahali tromboni zingeingia aliacha nafasi, anapiga ngoma tu, kisha anaingia tena. Mimi niliyekuwa najua sehemu zote, nilisikia kila muntu ambaye hayupo.

Wamama wengine walianza kucheka, na kweli ilichekesha, muntu mwembamba namna ile nyuma ya ngoma. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Muzee mumoja wa reli, aliyekaa chini kwa njaa, alisimama. Hakuna aliyepiga makofi. Walimutazama tu anapita, na mimi nilikuwa na machozi na kiburi, vyote pamoja, sikujua nishike kipi.

Alifika mbele ya tribini akasimama sawa sawa, akamaliza wimbo. Komanda alishuka. Alimuuliza fanfari iko wapi. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Fanfari njo mimi, Komanda," Maître akasema. "Wale wengine walikuwa watoto wa watu. Nimewarudisha kwa wenyewe."

Komanda akamuambia aende kuwaleta. Maître akasema hajui tena wanakaa wapi. Mwalimu aliyekula kwenye nyumba ya kila mutoto wake! Kisha akaweka trompeti mudomoni akaanza wimbo upya, kama muntu ambaye mazungumuzo yamekwisha. Soda mumoja alimupiga kitako cha bunduki, juu ya trompeti, na trompeti ilikuwa bado mudomoni.

Walimufunga. Mapadri na mashehe walienda pamoja kumuombea, na hilo pia liliwashangaza waasi, kuona kanzu ya huku na kanzu ya kule juu ya benchi moja, asubuhi na jioni, hawatoki. Mwishoni wakamuachilia. Trompeti ilikuwa imekunjwa, tuliipata baadaye kwenye takataka. Meno ya mbele hayakuwapo tena, na mudomo wa juu ulipona vibaya, ukawa mugumu kama ngozi. Muntu wa trompeti njo mudomo. Ukimuvunja mukono atapona, ukimuharibu mudomo umemaliza.

Nilimupelekea uji. Adolphine alinifungulia, macho mekundu, akatuacha. Nilimuambia Maître kwamba nitawaeleza wenzangu wote, Désiré wa kwanza, ili wajue kwa nini aliwatukana. Alishika mukono wangu. Alisema polepole sana, maneno yanavuja kwenye pengo.

"Usiwaambie, Fifi. Mutoto akijua ulimulipia, atapiga kama mutumwa. Mimi ninataka wapige kama watoto."

Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema mpaka siku zote. Akaniapisha. Niliapa, nikatoka, nikalia njia yote mpaka kwetu.

Vita iliisha namna inavyoisha, polepole, watu wanaogopa kuamini. Habari ilifika kwamba treni inarudi. Ile siku Maître alivaa kofia, masharubu alikuwa ameyaacha yakue mpaka yafunike mudomo, na akatembea nyumba kwa nyumba kuita fanfari. Nilikwenda naye. Niliogopa sana. Nilifikiri watamufungia mulango usoni, na Désiré zaidi ya wote. Wapi! Kila mahali mutoto alitoka, sasa ni kijana, akasema ndiyo Maître, saa ngapi? Hakuna aliyetaja matusi. Hakuna aliyedai samahani. Désiré alikuwa anapasua kuni, aliweka shoka chini, akafuata bila hata kuvaa shati. Mimi nikasema moyoni, kweli watoto wanasahau haraka. Siku ile treni iliingia kituoni na sisi tuko mbele yake, vyombo vya kuazima, vingine vimefungwa kwa waya, na watu walilia kama wanawake waliozaa. Maître alituongoza kwa mikono. Kupuliza, hapana. Watu walipomuuliza, alisema pumzi imekwisha, uzee.

Na tangu siku hiyo ilikuwa hivyo. Alifundisha kwa midomo migumu, kwa mikono, kwa macho. Alifundisha watoto wetu, kwanza wa wale walioanza kuzaa mapema. Wanafunzi wake wanapiga Kisangani, wanapiga Bukavu, Désiré mwenyewe alikwenda Kalima kuchimba madini ya kasiterite, na huko akafanya fanfari ya wachimbaji inayopiga siku ya Noeli. Hakuna muntu katika Maniema aliyetoa muziki mwingi kuliko yule ambaye hakuweza tena kutoa hata sauti moja ya trompeti. Na mimi nikabaki na siri yangu. Siri ni muzigo, usidanganywe. Kila nilipomusikia muntu anasema "huyu muzee alikuwa mukali zamani, alitufukuza siku moja," nilikuwa nang'ata ulimi, mimi ambaye ulimi wangu haujazoea kung'atwa.

Basi ile asubuhi ya maziko. Kwetu kuna desturi. Kabla sanduku halijafungwa, muntu mwenye neno juu ya maiti, kinyongo chochote, anasimama mbele ya watu wote anakisema. Wenye matanga wanajibu. Kisha anakunywa maji, na neno limekwisha, maiti anaondoka mwepesi. Usiposema hapo, usiseme tena kamwe. Adolphine alikuwa amekaa chini karibu na kichwa cha mume wake, bakuli la maji mbele yake. Jérémie, ndugu mudogo wa maiti, aliuliza kama kuna muntu mwenye neno.

Nilikuwa sijalala. Nilikuwa nimekata shauri: nitasema. Maître anisamehe huko aliko, mimi si malaika, mimi ninauza makayabu. Nilianza kukusanya pani yangu ili nisimame, na kabla sijainuka, Désiré alikuwa amekwisha kusimama.

Alifika usiku ule kutoka Kalima, kwenye pikipiki, bado mavumbi kwenye nyusi. Alishika trompeti chini ya kwapa. Akasema, mimi nina neno. Nina malalamiko juu ya Maître.

Nikasikia hasira, lo! Nikasema moyoni, huyu atataja mbuzi. Muntu muzima, mwenye wajukuu karibu, anakuja mbele ya mujane kutaja mbuzi. Akithubutu nitamupiga kofi hapa hapa, matanga ivunjike.

Akataja mbuzi. Alisimulia yote: mazoezi, ngumi juu ya meza, matusi, alivyolia. Sandrine na wenzake walitazamana. Mimi nilikuwa tayari nimenyosha muguu. Kisha Désiré akasema kwamba kesho yake asubuhi aliona haya, akaona amemujibu mukubwa vibaya, akatoka kwenda kumuomba musamaha. Hakufika. Alipitia kwenye reli, akajificha nyuma ya mabehewa mabovu, na kutoka pale aliona barabara. Alimuona Maître anapita peke yake na ngoma. Alimufuata kwa nyuma ya nyumba, mpaka karibu na tribini. Aliona yote mpaka kitako cha bunduki.

"Malalamiko yangu ni haya," akasema. "Alitufanyia vile, na hakutuachia nafasi ya kumuambia asante. Nilimuona hataki tujue. Nilinyamaza ili nisimuharibie. Miaka yote hii nimepiga mbele yake na asante iko hapa shingoni. Hilo ninalalamikia."

Mimi nilibaki nusu nimesimama, nusu nimekaa.

Halafu Djuma, mwenye masahani, sasa ana duka na kitambi, akasema kutoka nyuma kwamba yeye pia alijua. Mujomba wake alikuwa mufungwa pamoja na Maître, alitoka akamusimulia. Hakumuambia muntu, maana alifikiri wengine hawajui, na kama Maître anataka iwe siri basi iwe siri. Muntu mwingine akasema mama yake alikuwa kwenye wamama wa kando ya barabara. Mwingine, baba yake alikuwa yule muzee wa reli aliyesimama. Walikuwa wanasema mumoja mumoja, na kila mumoja alimutazama mwenzake kwa mshangao, kwa sababu kila mumoja alikuwa amebeba siri peke yake. Njo maana hakuna aliyedai samahani siku ile ya treni. Njo maana Désiré alitoka bila shati.

Kumbe fanfari nzima ilijua. Nzima. Na fanfari nzima ilimufichia Maître kwamba inajua.

Nilipata sauti yangu, na sikuitumia vizuri. Niliwaambia ni washenzi wote, kwamba mimi niliyeapa nimekaa na neno hili mpaka limenipa ugonjwa wa tumbo, na wao walikuwa nalo bure, hata kunidokeza hapana. Watu wakaanza kucheka, kwenye matanga, mbele ya maiti, na Adolphine alicheka kwanza kuliko wote, akapangusa macho kwa ncha ya pani.

Halafu alijibu, maana desturi inadai wenye matanga wajibu.

"Aliniambia mutoto akijua atapiga kama mutumwa," Adolphine akasema. "Munajua tangu zamani, na yeye alirudi hapa kila jioni akisema leo watoto wamepiga vizuri. Basi alikosea, na amekwenda bila kujua kwamba amekosea. Désiré, sema hiyo asante yako, ukunywe maji."

Désiré alikwenda mpaka kwenye sanduku. Akainama, akasema asante, Maître, kwa sauti ya kawaida, kama muntu aliyepewa kiti. Akakunywa maji. Djuma akafuata, kisha wengine, mustari ukatoka mpaka nje ya parsele. Nilimuona Sandrine anasimama nyuma yao pamoja na watoto wote wa leo, ambao vita hawakuijua hata kidogo, wanalia.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, hotuba ya kapiteni, na watu walikuwa wananingoja niyaseme, wananijua. Nilimutazama. Walikuwa wamemunyoa masharubu kama wanavyomufanyia maiti, na mudomo ule wenye kovu ulikuwa wazi mbele ya kila muntu. Nikasema asante, Maître. Nikakunywa maji, na Jérémie akafunga sanduku.